Risasi ya Dubu wa Kwanza: Mjadala wa Nguvu na Shabaha

Risasi ya bunduki ni vitu vinne katika kimoja: ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda hilo, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachotoka mtutuni kwenda kumpata mnyama. Kwa mtu anayejiandaa kumwinda dubu mweusi wa Amerika ya Kaskazini kwa mara ya kwanza, vitatu vya mwanzo ni kazi ya kiwanda. Cha nne ndicho kinachozua ubishi, na ubishi huo una pande mbili. Upande mmoja hutetea nguvu: risasi kubwa, nzito, yenye mwendo mkali. Upande wa pili hutetea shabaha: risasi ya wastani ambayo mwindaji anaweza kuituma mahali anapotaka. Mjadala ufuatao unazipa pande zote mbili nafasi, hoja kwa hoja. Karibu na mwisho anaingia msemaji wa tatu, anayesema kwa niaba ya jikoni.

Mnyama na sheria zake

Dubu mweusi, ambaye wataalamu humwita Ursus americanus, anaishi kuanzia Alaska na Kanada hadi milima ya kaskazini mwa Meksiko. Jina lake halimwelezi vizuri, kwa kuwa wako weusi, wa kahawia na hata wenye rangi ya mdalasini. Dume mzima kwa kawaida huwa na kilo kati ya 60 na 225, na jike huwa mdogo kuliko dume. Uzito hupanda na kushuka kwa majira. Akitoka pangoni majani yanapoanza kuchipua, dubu huwa amekonda. Majani yanapopukutika, huwa amekula mfululizo kwa wiki nyingi na kujaza shahamu chini ya ngozi.

Moyo na mapafu yake yako ndani ya kifua, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Ukimtazama ubavuni, eneo hilo lina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Mbele yake kuna kombe la bega na mfupa mnene wa mkono. Nyuma yake kuna tumbo, na risasi ikiingia humo husababisha kifo cha taratibu chenye mateso. Juu ya yote hayo kuna manyoya marefu, ngozi na shahamu. Shahamu huziba tundu, na manyoya hunyonya damu kama sifongo. Ndiyo maana dubu aliyepigwa sawasawa anaweza kukimbia makumi ya mita kichakani bila kudondosha tone la kumfuatia. Jambo hili lina uzito katika kila hoja inayofuata.

Nchini Marekani na Kanada, kanuni za uwindaji wa dubu huwekwa na kila jimbo. Colorado inatoa mfano ulio wazi. Huko, bunduki ya kumwinda dubu isiwe na kipenyo cha chini ya inchi 0.24, yaani milimita 6. Kichwa kiwe cha aina inayopanuka, na uzito wake usipungue greni 70, sawa na gramu 4.5. Kikifika yadi 100, ambazo ni mita 91, kiwe bado na nishati ya futi-pauni 1,000, takriban jouli 1,356. Kanuni hiyo inagusa mambo manne: kipenyo, uzito, umbo na nishati. Mjadala unahusu lipi kati ya hayo litangulie.

Hoja ya kwanza: je, nguvu ni kinga?

Mtetezi wa nguvu: Sheria hutaja kima cha chini, na kima cha chini si ushauri. Mwindaji hajui ni dubu yupi atakayetokea. Mwaka 1998, North Carolina, aliwindwa dubu mweusi wa kilo 399. Kaliba ya .300 Winchester Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1963, hutuma kichwa cha greni 180 kwa mwendo wa mita 900 kwa sekunde, na kikitoka mtutuni kina jouli zaidi ya 4,700. Kaliba ya .308 Winchester ya mwaka 1952, ikiwa na kichwa cha greni 150, hutoa jouli 3,600 hivi. Hizo jouli 1,100 za ziada ni akiba, na mwenye akiba hadhuriki nayo.

Mtetezi wa shabaha: Mzungumzaji aliyetangulia amemleta dubu wa kumbukumbu ili kumtisha mtu anayekwenda kuwinda dubu wa kawaida. Zaidi ya hayo, jouli ni shahidi asiyeaminika. Itazamwe kaliba ya zamani ya .45-70, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873. Kichwa chake cha greni 405 hutoka kwa mita 405 kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 2,150 tu. Kaliba ya .243 Winchester ya mwaka 1955, yenye kichwa cha greni 100, hufikisha jouli 2,600. Kwa hesabu ya karatasi, ndogo imeishinda kubwa. Ni wawindaji wachache wa dubu watakaoiamini hesabu hiyo ndani ya kichaka.

Ubishi huu unaelezeka kwa fizikia ya shule. Nishati ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo tena. Kwa kuwa mwendo unahesabiwa mara mbili, kichwa chepesi chenye kasi huonekana kikubwa kwenye jedwali. Mnyama hafi kwa jedwali. Hufa kwa tundu lililopita kwenye moyo au mapafu, likakata mishipa na kuumwaga mfumo wa damu. Urefu wa tundu hutegemea uzito wa kichwa ukilinganishwa na kipenyo chake, pamoja na uwezo wa kichwa hicho kubaki kipande kimoja. Upana wake hutegemea jinsi kichwa kinavyopanuka kikigusa nyama.

Mtetezi wa shabaha: Ushahidi mkubwa uko Afrika Mashariki. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi kati yao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Kama ndovu aliangushwa nayo, dubu wa kilo 150 hana cha kudai.

Mtetezi wa nguvu: Mfano huo unamwangusha aliyeuleta. Bell alilenga ubongo, na fuvu la ndovu alilisomea kwa kulipasua. Vichwa vyake vilikuwa vigumu, visivyopanuka, vya kupenya mfupa kwa kina. Mwindaji wa kwanza wa dubu hana uzoefu huo, na vichwa hivyo hatakiwi kuvitumia.

Jibu hilo ni sahihi, ila haliupi ushindi upande wa nguvu. Kichwa kilichofunikwa shaba pande zote hutoboa tundu jembamba kwenye mapafu na kutokea ng'ambo, huku dubu akiondoka na majeraha ambayo hayatamwangusha mapema. Majimbo mengi huvikataza vichwa vya aina hiyo kwa wanyama wakubwa. Mafanikio ya Bell yalitokana na kuoanisha kichwa, mahali pa kupiga na mkono wa mpigaji. Ukubwa wa kaliba haukuwa siri yake, na udogo wake pia haukuwa siri yake.

Hoja ya pili: dubu atapigwa kutoka wapi?

Mtetezi wa shabaha: Kabla ya kutaja kaliba, itajwe picha ya windo lenyewe. Maine na Saskatchewan huruhusu chambo. Mwindaji hukaa kwenye ulingo uliofungwa mtini au kwenye kibanda, dubu huja kula, na umbali mara nyingi hauzidi mita 100. Mara nyingi ni mita 20 au 30. Hapo kaliba ya .30-30 Winchester, iliyoanza kuuzwa mwaka 1895 kwa bunduki ya wenzo ya Winchester ya 1894, inatosha kabisa. Kichwa chake cha greni 170 hutoka kwa mita 670 kwa sekunde. Imekuwa ikiwaangusha dubu kwa zaidi ya miaka 120, na hakuna dubu aliyepitisha azimio la kuikataa.

Mtetezi wa nguvu: Si kila jimbo lina chambo. British Columbia hairuhusu dubu kuwindwa kwa chambo. Colorado ilipiga marufuku chambo na mbwa kwa kura ya wananchi mwaka 1992. Huko mwindaji hupanda mlima, huchunguza miteremko kwa darubini, kisha hunyemelea. Anaweza kumpata dubu akila matunda ng'ambo ya bonde, mita 200 au zaidi. Kichwa butu cha .30-30 kilicholengwa sawasawa kwa mita 91 huanguka sentimita 20 au zaidi kikifika mita 183, na nishati yake hushuka hadi jouli 1,340 hivi. Aliyekwenda mlimani na bunduki ya ulingoni atarudi na hadithi tu.

Hapa pande mbili hazipingani. Zinaeleza mawindo mawili tofauti. Kwenye chambo mwindaji anahitaji kichwa kizito cha mwendo wa wastani, kinachopanuka mapema na kupita hadi ng'ambo, pamoja na bunduki fupi isiyogongana na matawi. Mlimani anahitaji kichwa chenye ncha kali kinachokata hewa vizuri. Huko kaliba ya .270 Winchester ya mwaka 1925, .30-06 Springfield ya mwaka 1906, .308 na 7mm-08 Remington zina faida ya wazi. Kichwa cha .270 cha greni 130, kikilengwa sawasawa kwa mita 183, huanguka sentimita 16 hivi kikifika mita 274. Mwindaji ambaye hajui atapelekwa wapi anafanya vyema kumwuliza mwongozaji wake kwanza, kisha aende dukani.

Kaliba kadhaa hufaa pande zote mbili. Kwenye ulingo, .308 na .30-06 hufanya kazi sawa na .30-30 zikipewa kichwa kinachofaa, na mlimani hazimwachi mwenyewe njiani. Zina faida nyingine ya kawaida kabisa: hupatikana hata katika duka dogo la mji wa mbali. Wakati wa uhaba mkubwa wa risasi uliozuka Marekani kuanzia mwaka 2020, waliokuwa na kaliba adimu walijifunza thamani ya jambo hilo.

Bunduki za wenzo zina sharti lao. Nyingi huhifadhi risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zikiwa zimepangwa moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile iliyo mbele. Kichwa chenye ncha ngumu kinaweza kuigonga fataki hiyo bunduki inapopiga teke, na risasi ikalipuka ndani ya bomba. Kwa hiyo bunduki za namna hiyo hulishwa vichwa butu, au vile vyenye ncha laini kama mpira vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili yao.

Hoja ya tatu: umbo la kichwa

Mtetezi wa nguvu: Kama umbali umeamuliwa, basi kasi ibaki kubwa. Kichwa kinachofika kwa kasi hupanuka vizuri zaidi.

Mtetezi wa shabaha: Hupanuka mpaka kikavunjika. Mwaka 1946, John Nosler aliwinda kulungu mkubwa wa kaskazini aitwaye musi huko British Columbia kwa .300 H&H Magnum. Mnyama alikuwa amekaukiwa na matope mwilini. Vichwa laini vilivyopigwa kwa kasi vilipasukia juu juu, havikufika ndani. Nosler alirudi nyumbani na kubuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele ipanuke, ya nyuma ibaki nzima na kuendelea kupenya. Kiwanda chake kilianza mwaka 1948, na kichwa hicho bado kinauzwa.

Kisa hicho kinaeleza aina za vichwa zilizopo leo. Ya kwanza na ya bei nafuu ni gamba la shaba lenye kiini cha madini ya risasi, ncha ikiwa wazi. Hupanuka kwa urahisi na kufaa mwendo wa wastani, kama ule wa .30-30 au .308 kwa umbali wa kawaida. Ikigonga kombe la bega kwa mwendo mkali wa kaliba za magnum mita 30 kutoka mtutuni, inaweza kugawanyika vipande. Ya pili ni ile ambayo kiini kimeshikamanishwa na gamba kwa joto, hivyo havitengani. Ya tatu ni ya ukuta wa katikati, kama ya Nosler. Ya nne ni ya shaba tupu, isiyo na kiini. Ncha yake yenye tundu hufunguka kama petali nne, na karibu uzito wote hubaki. Hupenya sana, ila huhitaji kasi ili kufunguka. Vichwa vingi vya shaba hufunguka vibaya kasi ikishuka chini ya mita 550 kwa sekunde, isipokuwa vimetengenezwa kwa ajili ya kaliba za polepole.

Kinachotokana na hayo hakifurahishi upande wowote. Bunduki yenye nguvu nyingi ikipewa kichwa laini kwenye ulingo wa karibu inaweza kufanya vibaya kuliko .30-30 ya babu. Bunduki ya polepole ikipewa kichwa kigumu cha shaba na kupigwa mbali hutoboa tundu la sindano. Swali la kuuliza ni kasi ya kichwa wakati kinapomgusa dubu, na kama kichwa hicho kiliundwa kwa kasi hiyo. Watengenezaji wengi huandika kasi ya kila umbali kwenye boksi au kwenye jedwali lao, na baadhi hutaja kasi ya chini ambayo kichwa hufunguka. Namba hizo mbili zikikutanishwa, jibu linapatikana.

Suala la mahali pa kulenga pia huingia hapa. Wako waongozaji wanaopendelea bega livunjwe ili dubu asifike mbali. Wengine hupendelea mapafu, nyuma kidogo ya bega, ambako eneo ni pana na mifupa ni myembamba. Chaguo la kwanza linadai kichwa kigumu cha aina ya pili, ya tatu au ya nne. Chaguo la pili husamehe kichwa cha kawaida. Kwa vyovyote vile, tundu la kutokea lina thamani kubwa. Mpigaji aliye juu ya ulingo hutoboa dubu kutoka juu, na tundu la ng'ambo huwa chini, mahali ambapo damu hudondoka hata shahamu ikiziba lile la juu. Kichwa kinachobaki ndani ya dubu kimetumia nishati yake yote, lakini kimemwachia mfuatiliaji kazi ya usiku kucha.

Hoja ya nne: bega la mpigaji

Mtetezi wa shabaha: Mchagua jembe si mkulima. Mwindaji mpya hutumia miezi kulinganisha kaliba na siku moja kupiga shabaha. Bunduki ya .30-30 humrudishia mpigaji teke la jouli 14 hivi. Ya .308 ni 21, ya .30-06 ni 27, na ya .300 Winchester Magnum hufika 35. Teke la mwisho ni zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Anayeliogopa hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na risasi huenda tumboni mwa dubu. Jouli 4,700 tumboni hazilingani na 2,500 mapafuni.

Mtetezi wa nguvu: Jembe haliwi mkulima, ni kweli, lakini mkulima naye haendi shamba la mawe na jembe la bustani. Teke huzoeleka. Kuna vitako vyenye mpira, kuna bunduki nzito, kuna mazoezi. Na dubu aliyejeruhiwa kichakani si mahali pa kujutia risasi ndogo.

Mtetezi wa shabaha: Aliyejeruhiwa amejeruhiwa kwa sababu alikosewa. Dawa ya kukosea si kukosea kwa nguvu zaidi.

Takwimu hizo za teke hubadilika kwa uzito wa bunduki: kadiri bunduki inavyokuwa nyepesi, ndivyo teke linavyozidi. Hoja ya kuzoea ina ukweli, kwa kuwa wapo wanaopiga magnum kwa utulivu kamili. Hao, hata hivyo, walifika huko kwa mamia ya risasi, na mwindaji wa kwanza kwa kawaida hana muda huo wala fedha hizo. Kipimo kinachofaa ni rahisi. Sahani ya kipenyo cha sentimita 20 iwekwe mbali. Mpigaji akae kama atakavyokaa windoni, ameketi, amepiga goti au ameegemea fimbo, na apige mara tano. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tano huingia sahanini ndio mpaka wake. Kama kaliba kubwa inampa mita 60 na ndogo inampa 150, bega lake limeshajibu.

Kuhusu akiba ya nguvu dhidi ya mnyama hatari, lipo jambo la kutenganisha. Katika majimbo kama Alaska, Montana na British Columbia, dubu mweusi hushiriki misitu na spishi nyingine, dubu wa kahawia, aliye mkubwa na mkali zaidi. Tahadhari ya kweli huko ni kwenda na mwongozaji anayejua eneo. Risasi ya pili nayo ni sehemu ya maandalizi. Waongozaji wengi humwagiza mteja apakie tena mara tu baada ya kupiga na aendelee kupiga maadamu dubu bado amesimama na njia iko wazi. Anayeweza kupakia haraka kwa sababu bunduki haikumrusha ana faida hapo.

Hoja ya tano: risasi isiyo na risasi

Katika Kiswahili, neno risasi ni jina la kitu kinachopigwa na pia jina la madini laini, mazito, ya kijivu ambayo kwa karne nyingi yalitengenezea kitu hicho. Leo majina hayo mawili yameanza kuachana, na mzungumzaji wa tatu anaombwa aseme.

Sauti ya jikoni: Dubu huliwa. Nyama yake ni ya kuoka na kuchemsha, na shahamu yake huyeyushwa ikawa mafuta mazuri ya kukaangia na kutengenezea mikate. Kichwa cha madini ya risasi kinapopanuka humwaga chembe ndogo zinazosambaa mbali na tundu, nyingine zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2008, North Dakota, chembe za risasi ziligunduliwa katika nyama ya kulungu iliyotolewa sadaka kwa maghala ya chakula cha wahitaji, na maghala hayo yakaambiwa yaitupe nyama ya kusaga. Madini hayo yana sumu, na watoto pamoja na wajawazito ndio wa kuogopewa zaidi.

Mtetezi wa nguvu: Vizazi vimekula nyama ya namna hiyo. Shaba ni ghali, na si kila bunduki inaipenda.

Sauti ya jikoni: Vizazi hivyo havikupimwa damu. Nyama iliyo karibu na tundu ikatwe na kutupwa, hilo ni la lazima. Lakini anayenunua risasi masanduku manne kwa windo moja hatafilisika kwa kuchagua shaba.

Ndege nao wamesema katika mjadala huu. Tai wakubwa wa California, waitwao kondori, walipungua hadi wakabaki 27 tu mwaka 1987, wote wakiwa kifungoni ili wazalishwe. Waliporudishwa porini, sumu ya risasi waliyoipata katika matumbo na mizoga iliyoachwa na wawindaji ikawa sababu kuu ya vifo vyao. California ilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Julai 2019 uwindaji wowote katika jimbo hilo hufanywa kwa vichwa visivyo na madini ya risasi. Anayekwenda kuwinda dubu California hana cha kujadili. Kwingineko, mara nyingi, uamuzi ni wake.

Mtetezi wa shabaha anakubaliana na jikoni kwa sharti moja: shaba ijaribiwe kwenye bunduki husika, kwa kuwa kichwa cha shaba ni kirefu kuliko cha risasi chenye uzito sawa, na baadhi ya mitutu huvitawanya vichwa virefu. Kwa sababu hiyo hiyo mwindaji anaweza kushuka uzito kidogo, kwa mfano kutoka greni 165 hadi 150 katika .308, bila kupoteza upenyaji. Kichwa chepesi hutoka kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo inayokifungua.

Hoja ya sita: kutoka boksi hadi msituni

Hapa pande zote zinazungumza kwa sauti moja. Bunduki mbili za kaliba moja, za kiwanda kimoja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Hununuliwa aina mbili au tatu, boksi moja moja, na kila aina hupigwa makundi ya risasi tatu tatu kwa mita 91, mtutu ukiachwa upoe kati ya kundi na kundi. Aina inayotoa kundi dogo zaidi ndiyo inayochaguliwa. Kisha hununuliwa masanduku kadhaa ya aina hiyo yenye namba moja ya toleo, kwa sababu baruti ya toleo jingine inaweza kubadilisha mahali pa kupiga.

Darubini ya bunduki hurekebishwa kwa risasi hiyo hiyo, wala si ya mazoezi ya bei rahisi. Kwa windo la ulingoni, kulenga sawasawa kwa mita 91 kunatosha. Kwa mlimani, wengi huweka mita 183 ili wasihitaji kukisia mbele ya mnyama. Risasi ya kwanza ya mtutu baridi huangaliwa peke yake, kwa kuwa ndiyo atakayopokea dubu. Anayesafiri kwa ndege hubeba risasi ndani ya mzigo uliokabidhiwa, katika boksi lake la kiwandani, na mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 5 kwa abiria. Masanduku manne ya .308, risasi 80, hayafiki hata nusu ya uzito huo. Baada ya kufika kambini, bunduki hupigwa tena kabla ya windo, kwa maana mzigo hupigwapigwa njiani na darubini huweza kusogea.

Uamuzi

Upande wa nguvu umeshinda katika jambo moja: kima cha chini cha sheria si lengo, na mwenye .243 hana nafasi ya kukosea. Upande wa shabaha umeshinda katika mengine. Mwindaji wa dubu wa kwanza huanza na mahali pa windo na umbali wake. Baada ya hapo hulipima bega lake kwa sahani ya sentimita 20. La tatu ni kuchagua kichwa kinachopanuka na kubaki kizima kwa kasi kitakayokuwa nayo kikimfikia dubu. Jina la kaliba huja mwisho, na mara nyingi humkuta ameshaishika bunduki inayofaa. Kwa wengi, jibu litakuwa .308 yenye kichwa cha greni 150 hadi 165, au .30-06 yenye kichwa cha greni 165 hadi 180, cha shaba tupu au cha kiini kilichoshikamana. Anayewinda kwenye chambo tu na mwenye .30-30 ya greni 170 hana sababu ya kununua bunduki nyingine. Fedha ambazo angelipia magnum zinatosha kununua masanduku mengi ya mazoezi, na hayo yapigwe yote kabla ya siku ya safari.